Nusu ya Pili ya Hortense

Katika soko kuu la Kolwezi kuna mtu anayeitwa Tata Kitenge, muuza vitabu. Utamkuta ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, vitabu vimetandazwa chini kwenye turubai la bluu, na mkononi ana kisu cha fundi viatu. Usifikiri kisu hicho ni cha kutishia wezi. Ni cha kukatia vitabu.

Nieleze vizuri, maana wageni huwa hawaniamini. Kwetu bei ya kila kitu inafuata bei ya madini ya cobalt: nyumba, nyanya, hata mahari. Kitabu kinene, hata kama kimezeeka na kunuka panya, kinapanda bei kwa unene wake. Mtu anakiinua, anauliza, kisha anakirudisha chini polepole kama anayemlaza mtoto. Basi Tata Kitenge, ambaye zamani alikuwa fundi viatu, akapata akili. Kitabu kikubwa anakipasua katikati. Kila nusu anaishona kwa uzi wa viatu na kuivalisha jalada la karatasi ya mfuko wa simenti. Kingo zilizooza anazikata zote, na namba za kurasa zinakwenda nazo. Nusu moja unaipata kwa bei ya sahani ya maharagwe. Ukiimaliza, unarudi kuchukua ya pili. Ni mpango mzuri sana, alimradi ya pili uikute.

Mimi naitwa Kabedi. Nasuka nywele nyumbani kwetu Kapata, kwenye barza ya mbele ya nyumba ambayo kampuni ya migodi ilimpa baba enzi zile. Naishi na mama yangu, Mama Mbelu, mwalimu mstaafu. Nusu ya Kapata ilijifunza kusoma mbele ya ubao wake, na nusu nyingine alivuta masikio yao. Alipostaafu alikosa wa kumfundisha, akaanza kunifundisha mimi kusuka, yeye ambaye hajawahi kusuka hata mkeka. Nikaona nimtafutie kazi kabla hatujauana.

Nilikwenda kwa Tata Kitenge asubuhi moja ya masika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na pale kila mtu anainama, hata wakubwa wa ofisi na tai zao zinazoburutika juu ya turubai. Kulikuwa na vitabu vya mashine za kuvuta maji, katekisimu zisizo na mgongo, kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, na kamusi iliyoanzia herufi M. Nikachagua hadithi moja ya Kifaransa kwa sababu ukurasa wa kwanza ulikuwa na msichana anayegombana na baba yake. Nilijua mama atapenda ugomvi.

Hakuipenda tu. Alihamia ndani yake.

Aliweka kiti chake mlangoni, akavaa miwani, akawa anasoma sentensi kwa Kifaransa kimoyomoyo na kuitoa kwa Kiswahili kwa sauti, huku mimi nasuka. Hortense, binti wa mwenye kinu cha ngano, analazimishwa kuolewa na mtoto wa notari, mwandika mikataba wa kijiji. Yeye anampenda mpima mashamba. Wateja wangu walisahau maumivu ya kuvutwa nywele. Wengine walikuja bila nywele za kusuka, wakajifanya wanaulizia bei. Rafiki yangu Mignonne alifumua rasta ambazo nilimsuka juma lile lile, ili apate sababu ya kurudi. Na mama yangu, ambaye tangu astaafu alitembea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, akawa anaamka akiimba.

Mnajua kilichotokea. Siku ya harusi, Hortense amesimama mbele ya kanisa, glavu moja imevaliwa, nyingine mkononi. Gari la farasi linafika mbio. Mama akasoma: "Mlango wa gari ukafunguka, na Hortense akamwona..."

Akageuza ukurasa. Pale palikuwa na karatasi ya simenti.

Kelele zilizopigwa kwenye barza ile zilimtoa jirani ndani na mwiko mkononi, akidhani kuna msiba. "Akamuona nani?" Mignonne alisimama na kichwa nusu kimesukwa. "Mama, akamuona nani?" Mama alicheka hadi akavua miwani. Nikaacha kazi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nyuma ya kijana wa kwanza niliyemwona, nikaenda mjini.

"Tata Kitenge, ile kitabu ya Hortense, nusu yake ya pili iko?"

"Iko, mama, iko!" Alichomoa nusu moja chini ya fungu, jalada la simenti, uzi ule ule. "Nilikuwekea. Client ya kweli hakosaka suite yake, ile inafwata."

Nilirudi nimeibana kifuani. Siku iliyofuata barza ilijaa. Mama akarudia sentensi ya mwisho ili kutupandisha moyo, "na Hortense akamwona," kisha akafungua nusu mpya na kuendelea: "yule mwanaume wa kofia ya kijani akishuka."

Wanawake wakapumua. Mwanaume wa kofia ya kijani! Tulikubali mara moja. Mwanaume huyo aliitwa Armand. Alishuka, akaenda kumwona mjomba wake, wakabishana kuhusu farasi. Kisha wakabishana kuhusu farasi wengine. Kisha Armand akalala. Hakuna kanisa, hakuna glavu, hakuna Hortense.

Mama alisoma polepole zaidi na zaidi. Akasimama. Akachukua nusu ya kwanza, akaanza kuifunua kutoka mwanzo.

"Huyu Armand," akasema, "tulimuona wapi?"

Hapo ndipo makosa yalipofanyika, na ni makosa ya watu wenye adabu. Kwetu humwambii mwalimu wako mzee kwamba amepotea, tena mbele ya watu. Unamsaidia kupita. Mignonne, ambaye mama alimfundisha herufi zote alizonazo, akasema kwa upole: "Mais si, Madame. Armand alikuwa kule mwanzo. Ule cousin." Mwingine akaitikia, "Ee, ule cousin, tunamukumbuka." Wote wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Armand. Walitaka tu asome.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Akafunga kitabu, akasema amechoka, akaingia ndani.

Nilimkuta ameketi kitandani na nusu ya kwanza mapajani, kidole kinapita kwenye mistari. Alikuwa anamtafuta Armand. Alimtafuta siku ile na siku zilizofuata, na bila shaka hakumpata, akaamini macho yanampita bila kichwa kumshika.

"Kabedi," aliniambia, "kichwa yangu inaisha."

"Mama, acha hayo."

"Ulisahau nkambo wako? Njo vile alianzaka. Majina kwanza."

Sikusahau. Bibi yetu, mama yake mama, alimalizia uzee wake akizunguka Kapata. Nyumba za kampuni zinafanana zote, mstari kwa mstari, mlango huu na dirisha lile, na yeye aliingia yoyote aliyoifikia, akaketi mezani kwa watu akingojea bukari, ugali wetu. Watoto wa majirani walimcheka. Mwishowe tulimfungia mlango kwa nje, na mama ndiye aliyeshika ufunguo. Alilia kila alipoufunga.

"Kitabu ndiyo mbaya," nilimwambia. "Kitenge alichanganya."

"Mignonne anamukumbuka Armand. Bote banamukumbuka. Paka mi tu." Akanipa miwani yake ikiwa ndani ya mkoba wake. "Weka mu kabati. Na ufunguo ya mulango, anza kuitafuta."

Mignonne nilimshika mchana ule ule. Nilimpeleka mwenyewe mbele ya mama akakiri kwamba hamjui Armand wala cousin. Mama akamsikiliza, akamshika mkono, akamshukuru kwa huruma yake. Hakuamini hata neno moja. Aliona tumepanga kumbembeleza. Tangu siku hiyo kiti cha mlangoni kilibaki kitupu. Mama alikaa uani akijitajia majina ya wajukuu wake, na akikosea moja, anaanza upya. Chakula alikionja mara tatu akihofia ametia chumvi mara mbili. Mwanamke aliyekuwa akitisha darasa zima kwa kukohoa tu, sasa anauliza ruhusa ya kwenda dukani. Iliniuma, na mimi maumivu yangu hugeuka hasira upesi.

Nikampelekea hasira hiyo mwenye kisu.

"Tata Kitenge," nilisema kabla hata ya salamu, "Armand njo nani?"

"Armand?" Alifikiri. "Simuyue. Anauzishaka wapi?"

Nikamtupia nusu zote mbili kwenye turubai. Alizichukua, akasoma mwisho wa hii na mwanzo wa ile, midomo ikicheza. Akatazama uzi. Akavua kofia.

"Mama Kabedi, usikasirike."

"Nilisha kukasirika. Sema tu."

"Ile siku nilipasula bitabu mbili, bukubwa moja, karatasi moja. Mvua ikakuya. Nikabeba yote mbio mbio." Akaigeuza kofia mkononi. "Hii ya Armand, mwanzo wake sina. Na ya Hortense, mwisho wake nilisha kuuzisha."

"Kwa nani?"

"Kwa kijana moja, creuseur, anachimbaka mu mashimo. Glodi. Anavalaka lunettes. Iko na barafiki yake ku barabara ya Mashamba, pa hema ya njano." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, nani aliyekuwa akisomewa.

"Mama yangu. Mama Mbelu. Sasa anafikiri ana wazimu, juu ya kisu yako."

Tata Kitenge alisimama kutoka kwenye ndoo yake kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Madame Mbelu wa troisième primaire?" Kumbe naye masikio yake yalivutwa, katika darasa la tatu. Nilimwacha amesimama, nikazifutika nusu zote mbili kwenye mkoba, nikatafuta moto.

Mvua ilinikuta njiani. Nilifika kwenye turubai la njano nimelowa hadi nywele, na mimi nywele zangu ndizo tangazo langu la biashara. Chini ya turubai walichuchumaa vijana wengi, tope hadi magotini. Katika mvua kama ile mashimoni hakushukiki, udongo unaweza kukufunika, basi walikuwa wanangoja. Katikati yao mmoja mwenye miwani alikuwa amewasha tochi ya kichwani, na mwanga wake ulianguka juu ya karatasi ya simenti. 

"Batoto, jambo yenu. Nani njo Glodi?"

"Njo miye, mama."

"Iyo kitabu inaanza namna gani?"

Akakifungua ukurasa wa kwanza. "Inaanza: "

"Ngoja! Usiniambie!" Nikaziba masikio kwa vidole. Vijana wakacheka sana, na nadhani mimi pia ningecheka. Lakini nilikuwa na sababu. Ningejua neno moja tu la nusu ile, mama angesema nimepanga na watu, kama alivyosema kwa Mignonne. Nilitaka kurudi kwake mtupu. "Niambie kitu moja tu. Mule ndani kuna muntu anaitwa Hortense?"

Walipiga kelele wote pamoja, "Hortense!", jinsi watu wanavyopokea bao uwanjani.

"Unamuyua Hortense?" Glodi alisimama, tochi ikaniangaza usoni. "Mama, unamuyua? Anatoka wapi?"

Ndipo nikaelewa shida yao. Walikuwa na mwisho bila mwanzo. Glodi alikuwa amewasomea nusu yake hadi wanaijua kwa moyo, na kwa kuwa hawakujua Hortense ni nani, kila mmoja alikuwa amemtungia maisha. Mmoja alisema ni sista aliyetoroka konventi. Mwingine alisema ni mjane. Mrefu mmoja mwenye sauti nzito alikuwa ameapa kwamba Hortense ni mwizi wa farasi, na yeye na mwenzake mmoja aliyembishia walikuwa wameacha kusalimiana kwa sababu hiyo.

"Hortense ni binti ya mwenye kinu," nilisema.

 Kisha kijana mmoja wa nyuma akaruka juu akigonga turubai kwa kichwa, na maji yakatumwagikia wote. "Mi nilisema! Nilisema kwabo kuko unga!"

Nilimwomba Glodi aniuzie. Alikirudisha kitabu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga. "Mama, simu niliuzisha, saa niliuzisha. Hii, hapana. Shi tunataka mwanzo."

"Mi nataka mwisho."

 Mvua ilikuwa inapungua.

"Basi mukuye kwetu Kapata, Siku ya Mungu, kisha misa. Mukuye na kitabu. Mwanzo mutaisikia kwa mwenyewe." Nikawatazama miguu. "Mais munawe mbele."

Nyumbani mama alikataa. Alikataa Alhamisi, akakataa Ijumaa, akakataa zaidi Jumamosi. "Banakuya kuona muzee mwenye kusahau?" Nikamwambia hakuna anayekuja kumwona yeye, wanakuja kwa ajili ya Hortense. Akanigeuzia mgongo. Asubuhi ya Jumapili alivaa kitenge cha kazi za nyumbani makusudi, nijue kwamba hatoki.

Walikuja. Mimi niliwatambua kwa sababu ya miwani ya Glodi tu. Mashati meupe yaliyopigwa pasi, viatu vya kuazima, harufu ya sabuni hadi barabarani. Wanawake wangu wote walikuwa wameshajaa kwenye barza, na vijana hawakupata pa kukaa. Wakajipanga mstari kwenye uzio, mikono nyuma, na mama alipochungulia dirishani wakasema pamoja: "Bonjour, Madame."

Jamani, mwalimu ni mwalimu. Mlango ukafunguka. Mama akatoka na kitenge chake cha kazi, akawatazama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akasema: "Mukaeni. Bale ya nyuma, munasikia muzuri?"

"Ndiyo, Madame."

Nilikimbia kabatini kuchukua miwani. Nilipomletea pamoja na nusu ya kwanza, alizisukuma zote mbili kifuani kwangu.

"Shika wee. Fungula, ufwate. Mi sitasoma." Aliketi kwenye kiti chake cha mlangoni. Akaingiza mikono chini ya kitenge. "Kama kichwa yangu iliisha, leo tutayua."

Akaanza kusimulia bila kitabu.

Nilifuata kwa kidole, na mwanzoni niliogopa hadi mistari ikawa inacheza machoni. Alisema kinu, na kinu kilikuwa pale. Alisema baba mwenye hasira, mbwa mwenye jicho moja, mjakazi aliyeiba vijiko vya fedha na kuvirudisha. Alitaja chunjua kwenye pua ya notari. Mimi nilikuwa nimeisahau chunjua hiyo kabisa, nikaitafuta, nikaiona. Alitaja jina la mto, jina la padri, rangi ya nguo ambayo Hortense aliichoma jikoni. Ukurasa kwa ukurasa, na sikupata pa kumsahihisha. Wasusi hatulii ovyo, tuna kazi ya kufanya na macho, lakini ilibidi nijifute kwa kanga ya mteja.

Vijana hawakujongea. Yule mrefu aliposikia kwamba Hortense hajawahi kugusa farasi, aliinamisha kichwa, na mwenzake akamnyooshea mkono kimyakimya. Wakasalimiana.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barza mama alipofika mbele ya kanisa. Glavu moja imevaliwa, nyingine mkononi. Gari linafika mbio. Sauti yake ilishuka.

"Mlango wa gari ukafunguka, na Hortense akamwona..."

Akaishia hapo. Hakumtazama mtu. Nilijua anasikia kichwani mwanaume wa kofia ya kijani akishuka, na anaogopa.

"Glodi," nilisema, "soma ya kwako."

Glodi akasimama, akafungua mfuko wa plastiki, akafungua jalada la simenti. Alisoma Kifaransa kwanza, kwa sauti ya shule, kisha akakitoa kwa Kiswahili:

"...mama yake, ambaye watu walisema alikufwa, anashuka na miguu yake mwenyewe."

 Glodi akaendelea kidogo: Hortense aliiangusha ile glavu ya mkononi. Glavu! Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, lakini mama aliinua kidole kimoja na vigelegele vikakatika.

"Kijana," alisema. "Armand iko wapi?"

"Armand gani, Madame?"

"Armand. Mwenye kofia ya kijani."

Glodi aliangalia wenzake. Wenzake waliangalia Glodi. Watu waliokijua kitabu kile kwa moyo, neno kwa neno, walijaribu kwa adabu yote kumtafuta Armand vichwani mwao. Nikaomba Mungu asitokee mpole mwingine wa kusema yule cousin.

Yule mrefu mwenye sauti nzito akasema: "Madame, utusamehe. Hakuna Armand."

"Hakuna?"

"Hakuna," alisema Glodi. "Mbele hakuna, nyuma hakuna. Tulisha kusoma mara mingi."

Mama alisimama. Aligeuka kwa wanawake, na Mignonne akaanza kujificha nyuma ya jirani.

"Hakuna Armand," mama alisema polepole, akijaribu maneno hayo mdomoni. Kisha akapiga kofi moja kubwa, akapiga mapaja yake, akainua mikono yote miwili. "Hakuna Armand! Kabedi, unasikia? Hakuna Armand!"

"Hakuna Armand!" waliitikia vijana wote. Wanawake wakapokea, vigelegele vikapanda, majirani wakatoka na miiko yao, na watu waliokuwa wakipita barabarani, wasiomjua Armand wala Hortense, walijikuta wanapiga makofi. Mama alicheza. Sikuwa nimemwona akicheza tangu harusi yangu, na kwenye harusi yangu hakucheza vizuri hivyo. Nilimkumbatia na kumwambia nampenda, kitu ambacho nyumbani kwetu hatusemi, na yeye akanijibu nimnyooshee kitenge chake, kinaanguka.

Alipomaliza kucheza alimwendea Mignonne.

"Madame, niliogopa kukukatala," Mignonne alisema akiwa tayari amekunja shingo.

"Najua," mama alisema, akamvuta sikio. Mignonne aliniambia baadaye kwamba halikumuuma hata kidogo, lakini mimi nililiona, lilikuwa jekundu.

Tulisoma nusu ya pili siku ile na Jumapili zilizofuata. Vijana, waliojua kila kitakachotokea, walijizuia kwa taabu. Mmoja alitaka kutuambia mapema mwisho wa mtoto wa notari, na wenzake wakamziba mdomo kwa mkono. Tata Kitenge alikuja bila kuitwa, na sindano na uzi, akaketi chini kwenye sakafu ya barza na kuziunganisha nusu mbili bure, mama amesimama juu yake akikagua kila pindo. Kitabu chenyewe kinakaa wiki kwetu, wiki kwenye turubai la njano. Hakuna aliyemwuzia mwenzake.

Ila mama hakuwa amemaliza. Jumatatu moja alivaa kitenge chake kizuri, akachukua sakoshi, akatoka mbele yangu hadi barabarani bila kuomba ruhusa ya mtu. Sokoni Tata Kitenge alimwona kwa mbali, akasimama.

"Kisu," mama alisema, akinyoosha mkono.

Alimpa. Mama alikiangalia kisu pande zote, akamrudishia pamoja na kipande cha chaki alichokitoa kwenye sakoshi.

"Upasule, juu batu bapate kusoma. Mais mbele ya kupasula, andika jina juu ya nusu zote mbili. Zote mbili, Kitenge."

"Ndiyo, Madame."

Kisha akajishika magoti, akaanza kuinama juu ya turubai. Nilimwambia asihangaike, mimi nitamtafutia. Akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Toka. Ule Armand nilimuacha njiani na farasi zake," alisema, mikono tayari ndani ya fungu la vitabu. "Mwanzo yake iko wapi?"